Ugomvi wa wauguzi huanzia kwenye kupokezana zamu

Saa moja na nusu asubuhi ndiyo saa ninayoiogopa wodini. Zamu ya usiku inatoka, ya asubuhi inaingia, na karibu kila ugomvi wa wauguzi niliowahi kuusuluhisha kama muuguzi kiongozi ulizaliwa hapo.

Asubuhi moja sista alikuta dripu imekauka na chati ya maji yanayoingia na kutoka mwilini mwa mgonjwa haijaandikwa kitu tangu saa nane usiku. Akapaza sauti, ndugu wa mgonjwa wakisikia: “Nyie wa usiku mnalala tu!” Mwenzake akabeba mkoba wake akaondoka bila kuaga. Wakanuniana wiki nzima, hata ujumbe wakawa wanampa mhudumu apeleke. Wodini hilo ni hatari. Taarifa ikipitia kwa mtu wa tatu hufika pungufu, na anayeumia ni mgonjwa.

Niliwaita mmoja mmoja kwanza. Viongozi wengi huwakutanisha wagomvi hasira zikiwa bado mbichi na kuwaambia wapeane mikono. Watapeana, lakini kinyongo wataondoka nacho. Mimi siulizi nani kaanza. Nauliza: ulikuta nini, uliandika nini, ulitegemea mwenzako afanye nini? Wa usiku akaeleza kwamba mgonjwa mmoja alibadilika ghafla saa tisa, naye alikuwa peke yake. Alilisema hilo kwenye ripoti, ila ilisomwa mezani harakaharaka, wakati yule wa asubuhi yuko kabatini na muuguzi mwingine wanahesabu dawa.

Tulipokaa watatu, kila mmoja alirudia kwanza maneno ya mwenzake, ndipo akajitetea. Wa asubuhi akaomba radhi kwa kusema mbele ya ndugu. Kumbe hilo ndilo lililouma kuliko tuhuma yenyewe.

Tangu hapo tunapokezana kitanda kwa kitanda: wote wawili wanaangalia dripu, mfuko wa mkojo, kidonda na chati. Mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, zilikuwa tayari zinahesabiwa na watu wawili na kutiwa saini. Kwa nini mgonjwa apokelewe kwa uangalifu mdogo kuliko kichupa cha dawa?

Basi ukikuta kasoro, mwite mwenzako pembeni kabla hajaenda nyumbani. Sema “dripu imekauka,” usiseme “wewe mvivu.” Lakini mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, hayo si ya kumalizana pembeni. Yanaandikwa na kuripotiwa saa hiyohiyo, hata aliyekosea awe rafiki yako wa miaka mingi.