"Mbona Yule wa Kwenye Filamu Anaweza?"

Msimu wa tuzo ukianza tu, najua kitakachofuata. Mtu ameangalia filamu ya muziki, amemwona mwigizaji wake akipokea sanamu ya dhahabu, na wiki hiyohiyo ananiletea wimbo uleule, kwa ki ileile (kimo cha sauti cha wimbo), anataka kuuimba vilevile. Nikisema tushushe ki kidogo, jibu ni moja: "Lakini Mwalimu, yule aliimba hivihivi huku anakimbia na mvua inamnyeshea!" Hakuimba. Nimelisema darasani mpaka nimechoka, sasa naliandika.

"Sauti ya kwenye filamu imetoka mdomoni palepale"

Filamu nyingi za muziki hurekodi nyimbo studio kabla kamera haijawashwa. Mwigizaji amelala vizuri, amepasha sauti, yuko mbele ya maiki, na anarudia mstari mmoja hadi prodyuza aridhike. Kisha inakuja kazi ya kukata na kuunga: neno la kwanza kutoka teki ya tatu (yaani mara ya tatu ya kurekodi), noti ya juu kutoka teki ya kumi na moja, pumzi imefutwa, palipoyumba pamenyooshwa kwa programu. Siku ya kupiga picha wimbo unafunguliwa kwenye spika na yeye anafuatisha mdomo. Ni plebaki, ileile mnayowazomea wasanii wetu kwenye matamasha. Kwa nini asikimbie kwenye mvua?

Na hapo tunadhani sauti ni yake. Deborah Kerr katika The King and I (1956), Natalie Wood katika West Side Story (1961), Audrey Hepburn kwa sehemu kubwa ya My Fair Lady (1964): anayeimba humo ni mwanamke mmoja, Marni Nixon, mwimbaji wa Marekani mwenye sauti ya soprano, ile ya juu ya kike. Natalie Wood alirekodi nyimbo zake akiamini ndizo zitakazotumika; wenye filamu walikuwa na mpango mwingine. Kuna kipande cha West Side Story ambapo sauti tano zinapishana, na Nixon ameimba sehemu ya Maria, aliyeigizwa na Wood, na ya mhusika mwingine, Anita, pia. Filamu ilizoa tuzo 10 za Oscar, zile za filamu za Marekani, na jina lake halikuwekwa hata kwenye orodha ya walioshiriki.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi watu wa pwani tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Bibi zetu waliojaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kutazama filamu za Kihindi walijua fika kwamba anayecheza siye anayeimba. Walimtaja Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi kwa majina, kama walivyowataja waigizaji wenyewe. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni hizo akazitilia mashairi ya Kiswahili, watu wakazikesha harusini. Bombay haikuwa na haja ya kuficha, kwani jina la mwimbaji ndilo lililouza santuri. Mwaka 1959 tuzo za Filmfare zikaanza kumtuza mwimbaji wa filamu, na wa kwanza kuipata alikuwa Lata. Oscar hadi leo haina tuzo ya mwimbaji. Ile ya wimbo bora huenda kwa waliotunga.

Kesi inayonirudia kuliko zote ni Bohemian Rhapsody, filamu ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa sababu Freddie alizaliwa Unguja na kila kijana mwenye sauti ya teno, ile ya juu ya kiume, anamwona ni babu yake. Rami Malek, aliyemwigiza, alipata Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2019, na kwa maoni yangu aliistahili: mabega, meno, ule mwendo wa jukwaani. Lakini unachosikia ni rekodi za Freddie mwenyewe, sauti ya mwimbaji Marc Martel kutoka Canada, na vipande vya Malek katikati. Sasa mwanangu wa miaka kumi na tisa unataka kuiga koo tatu kwa koo moja, asubuhi, hujanywa hata maji?

Wapo walioimba laivu mbele ya kamera. Les Misérables ya 2012 ndiyo mfano ninaoutumia: waigizaji walivaa vifaa vidogo sikioni, mpiga piano akawafuata wao, okestra ikaongezwa baadaye. Msikilize Anne Hathaway humo. Sauti inakatika, pumzi inasikika, sehemu nyingine ni kama kunong'ona, na bado alipata Oscar yake. Wanafunzi wangu wengi hawaipendi kwa sababu "si safi". Ndivyo inavyosikika sauti ambayo haikupita kwenye mkasi.

Kwa hiyo shusha ki. Hakuna mwenye tiketi atakayekudai noti ambayo hukuiimba. Ukilazimisha sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, ipande hadi shingo imetoka mishipa, itakupwelea, na ikikaa zaidi ya wiki tatu bila kurudi, usinipigie mimi; nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

"Basi hata Broadway ni plebaki"

Hapana. Kule, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, wanaimba laivu, maonesho manane kwa wiki, maiki imefichwa kwenye nywele au wigi, na wapo waigizaji wa akiba waliojifunza nafasi hiyo kwa ajili ya siku ambayo mwenzao ameamka hana sauti. Baadhi ya maonesho huongezea sauti za kundi zilizorekodiwa pale wachezaji wanapohema kwa kucheza, sikatai. Ila anayeongoza wimbo anaimba. Ndiyo maana mimi nikitaka kumpa mwanafunzi cha kusikiliza, nampa rekodi ya jukwaani kabla ya ile ya filamu.

"Sarafina ni filamu"

Ilianza kama igizo la muziki jukwaani Johannesburg mwaka 1987, ikafika Broadway mwaka uliofuata na kuchezwa mara 597. Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina, aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony mwaka 1988, miaka minne kabla ya ile filamu tuliyoikariri shuleni.

"Tony ni Oscar ya maigizo yote duniani"

Ni tuzo ya Broadway tu, yaani kumbi 41 za New York. Onesho likitikisa Johannesburg au London miaka kumi bila kuvuka bahari, Tony hailijui. London wana Olivier yao. Na mkiona filamu iliyotokana na onesho imeongezewa wimbo mmoja usiokuwepo jukwaani, msishangae: Oscar ya wimbo inataka wimbo uliotungwa kwa ajili ya filamu. Evita ilikuwa jukwaani tangu miaka ya 1970, lakini wimbo uliopata Oscar ni ule ulioongezwa kwenye filamu ya 1996.

"Wao wana dawa zao za sauti"

Asali, tangawizi, limau, na mayai mabichi, ambayo mtu aliwahi kuyanywa mbele yangu nikageuza uso. Unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Kinapita njia ya chakula, na kikizigusa utakohoa mpaka machozi yakutoke. Asali inatuliza koo, inywe kama unaipenda. Kinachozifikia nyuzi zenyewe ni mvuke: bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, pumua taratibu dakika kumi. Maji ya kunywa nayo husaidia, ila yanapitia mwilini kwanza, kwa hiyo yaanze asubuhi. Chupa unayoimalizia nyuma ya pazia wakati jina lako linaitwa itakupeleka chooni tu.