Mtazamo wa picha hauko kwenye lenzi

"Mlima uko mbali, badilisha mtazamo, vuta lenzi." Maneno haya, ya kuvuta lenzi (kukuza kwa zoom) ili kubadilisha mtazamo, nimeyasikia mara nyingi mno hapa Dodoma, na safari hii yametoka kwa mtu anayewafundisha wengine kupiga picha. Naona ni vizuri tukaeleweshana.

Mtazamo, kwa maana ya kipicha, ni namna vitu vya karibu na vya mbali vinavyolingana kwa ukubwa na kupangana vikionekana kutoka sehemu moja. Sehemu yenyewe ni pale kamera ilipo. Maana ni hiyo tu, na haina lenzi ndani yake.

Lenzi inaamua utaona eneo kubwa au dogo kiasi gani. Haiamui vitu vitapangana vipi. Simama sehemu moja, usiinue mguu, upige kwa lenzi ya milimita 24 (inayoona eneo pana), kisha ya milimita 200 (lenzi ndefu, inayoona eneo dogo). Ile ya kwanza ikate, ubakize kipande kile tu kilichoonekana kwenye ya pili. Kitakuwa na chembechembe, ubora utakuwa umeshuka, lakini tawi la mbuyu lililogusa kilele cha mlima litakuwa linakigusa palepale. Ukiwa na simu fanya hivyohivyo, majibu ni yaleyale.

Sasa anza kutembea uone kinachotokea. Chukua mbuyu ulio mita 20 mbele yako, na kilima kilicho kilomita 2 kutoka ulipo, kwenye mstari huohuo. Rudi nyuma hadi mbuyu uwe mita 200. Umbali wake umeongezeka mara kumi, kwa hiyo unaonekana mdogo mara kumi. Kilima kilikuwa mita 2,000 na sasa ni mita 2,180. Kwa macho hutaona kama kimepungua. Vuta lenzi mpaka mbuyu urudie ukubwa wake wa mwanzo. Kilima nacho kinavutwa kwa kiasi hichohicho, na kinasimama nyuma ya mbuyu kikiwa kikubwa karibu mara tisa ya kilivyokuwa kwenye picha ya kwanza. Watu wakiona hivyo wanaisifu lenzi ndefu, wanasema "imeleta mlima karibu na mti." Zilizofanya hivyo ni zile mita 180 ulizorudi kwa miguu. Lenzi imekata tu kipande ulichokitaka.

Jambo hili lilijulikana kabla kamera haijakuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence huko Italia, msanifu majengo Filippo Brunelleschi alichora kwenye ubao jengo la ubatizo linalotazamana na kanisa kuu, akatoboa tundu kwenye ubao wenyewe. Mtazamaji alisimama mlangoni mwa kanisa, akachungulia kwenye tundu kutokea nyuma ya ubao, na kuuona mchoro kwenye kioo kilichoshikwa mbele yake. Kwa nini apangiwe pa kusimama? Kwa sababu mchoro ulikuwa umechorwa kwa hesabu ya jicho lililo mahali hapo.

Suala la hisia ya mahali, yaani picha kukufanya uhisi uko pale, nalo linaanzia hapohapo, ingawa wengi wanalizungumza kama jambo la pembeni, la moyoni tu. Anayepajua mahali anajua pa kusimama. Asiyepajua anasimama pale gari lilipoegeshwa, kando ya barabara kuu, na ndiyo maana picha nyingi za Dodoma ni tambarare kavu, mbuyu usio na majani na jua linazama. Hiyo ni Dodoma ya kiangazi inayoonekana kutoka kwenye lami. Mvua zikinyesha, kati ya Desemba na Aprili hivi, mbuyu huohuo una majani mazito, na huko Bahi penye udongo uliopasuka panakuwa na maji na mpunga.

Chukua tembe la Kigogo. Ni nyumba fupi, na paa lake la bapa limefunikwa kwa udongo uleule wa ardhi inayolizunguka. Kwenye tambarare, upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na anga, unakatiza kila kitu kwenye kimo cha kamera yako. Ukipiga umesimama, upeo unapita karibu na usawa wa paa, na nyumba inamezwa na ardhi ya nyuma, rangi kwa rangi. Chuchumaa, kamera iwe usawa wa goti. Upeo unashuka hadi sehemu ya chini ya ukuta, paa linajichora angani, na nyumba inaonekana jinsi mtoto wa nyumba hiyo anavyoiona. Lenzi haijabadilishwa. Binafsi, kila ninapoona tembe limepigwa likaonekana kama kichuguu, naumia.

Kolo, Kondoa, ni vivyo hivyo. Michoro ya miambani ya huko ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na wageni wengi wanapiga mwamba kutoka nje, kisha michoro kwa karibu, wanaondoka. Simama chini ya mwamba unaoning'inia, bila kugusa michoro, elekeza kamera nje. Juu kuna ukingo wa jiwe, chini kule mbali kuna nyika. Aliyechora alisimama upande huo.

Ndege nyuki (droni) kwa kweli inabadilisha mtazamo, kwa kuwa inaihamisha kamera. Ila kutoka juu sana Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, inaweza kuonekana kama mji wowote unaojengwa, kwa hiyo mtazamo mpya peke yake hautoshi.

Basi ndugu yangu unayefundisha, mwanafunzi akikuuliza afanyeje ili kilima kionekane kikubwa nyuma ya mbuyu, usimwanzishie na lenzi. Mwambie kwanza arudi nyuma mpaka mbuyu uwe mdogo machoni pake, na akiwa hapo ndipo avute. Na akitaka tu kukiona kilima kwa ukubwa bila kuhama, mwambie avute, lakini anachofanya kiite kuvuta.