Buibui hajagoma kula, amehamishwa

Juzi saa tano usiku simu ikaita. Kijana wa Buhongwa. "Shikamoo mzee. Yule buibui leo siku ya sita hali kitu, nahisi anakufa. Nimemwekea mende watatu." Nikamuuliza mende wako wapi. "Wamo humo humo naye." Usingizi ukaniishia hapo.

Huyo ni wa nne tangu mwezi uanze, na wote wana wimbo mmoja: tarantula, yule buibui mkubwa wa manyoya wanayemfuga, asipokula kwenye kizimba kipya ni mgonjwa. (Wana Mwanza mnielewe, nikisema kizimba sizungumzii sato. Nasema boksi la plastiki lenye mfuniko.)

Umemtoa shimoni kwake, umemtia kwenye kopo, umempakia bodaboda kutoka Igoma na matuta yote yale, ukamwachia mahali ambapo hakuna hata uzi mmoja alioutandika yeye. Macho anayo manane lakini haoni cha maana. Dunia anaijua kwa miguu, kwa mtikisiko, na ule utando wake ndio unaompa habari za nani anapita mlangoni. Mpaka atandike upya, hana habari ya chochote. Na wewe usiku huo huo unamletea chakula, halafu unashangaa.

Wiki moja si kitu. Wiki tatu si kitu. Jike mzima mwenye tumbo nene hukaa hata miezi bila kula, mradi ana maji kwenye kifuniko cha chupa.

Ya boksi nayapitia mbiombio, nimeshayasema mno. Udongo mwekundu wa shambani, mwingi, ushindilie kwa ngumi; mchanga wa ufukweni ukikauka shimo halisimami. Nafasi ya juu iwe ndogo, maana akianguka tumbo hupasuka. Matundu ya hewa ubavuni. Taa za joto za kwenye video za Ulaya achaneni nazo, hapa hatuna baridi hiyo. Na msinyunyizie maji kila asubuhi kama mnamwagilia mchicha! Huyu wetu wa Afrika Mashariki, Pterinochilus murinus, ni wa nchi kavu, na mapafu yake yako chini ya tumbo. Mkimlaza kwenye tope msinipigie.

Sasa turudi kwa mende, maana hili ndilo linaloniudhi. Mara nyingi anayekataa kula anajiandaa kujivua gamba (sizungumzii siasa za CCM za 2011). Tumbo linakuwa jeusi, anaziba mdomo wa shimo, kisha analala chali miguu juu. Saa hizo ni laini kama ugali wa moto, na mende mwenye njaa humtafuna akiwa hai. Kwa hiyo asipokula usiku mmoja, asubuhi mende atoke. Akishajivua, tazama meno: yanaanza meupe, yanakuwa mekundu, halafu meusi. Mpaka yawe meusi, usimpe kitu. Senene usimpe hata baadaye, hao wana wenyewe.

Na watu wamegeuza: aliyelala chali wanamtupa, aliyekunja miguu chini ya kifua wanasema amepumzika. Huyo wa pili ndiye wa kukimbilia. Tumbo likiwa limenywea na miguu imekunjika, msogeze taratibu kwa brashi mpaka mdomo uguse maji. Hana yale manyoya ya kurusha kama wenzake wa Marekani, kwa hiyo silaha yake ni kuuma, na anauma vibaya. Mkono wako usiingie.

Mimi wangu wa kwanza nilimfukua kwa kijiko siku ya tisa, eti nimwone kama yu hai. Alikuwa katikati ya kujivua. Miguu miwili ikabaki kwenye gamba. Iliota tena kwa magamba yaliyofuata, mwanzoni myembamba kama ya kuazima, lakini kile kijiko sijakisahau.

Kuna mambo sina uhakika nayo. Nawaambia watu wafunike boksi kwa kitenge wiki ya kwanza. Sijawahi kujua kama kitenge kinamtuliza buibui au kinamzuia mwenye buibui. Tena dume aliyekomaa, mwenye viguu vya mbele vilivyovimba nchani kama ngumi za bondia, hugoma kula na kuzungukazunguka usiku kucha, na huyo hata umsubiri haitasaidia, anatafuta jike. Nimewahi kumwambia mtu "mpe muda" kwa dume la namna hiyo. Nilikosea.

Yule kijana nimemwambia atoe mende, aweke maji, afunike, anipigie baada ya wiki tatu. Kapiga jana. Mende wawili kawapata, wa tatu haonekani.