Dawa ya minyoo inavyojaribiwa: yasemwayo mtaani na yanayopimwa maabara

Mzazi ananunua kidonge cha albendazoli kwenye duka la dawa Kawangware, anampa mtoto usiku, na asubuhi haoni mnyoo wowote chooni. Papo hapo anatoa hukumu: dawa ni feki. Mengi yanayosemwa Nairobi kuhusu majaribio ya dawa hizi yanaanzia kwenye hukumu hiyo.

“Dawa ikifanya kazi, minyoo huonekana.”

Mara nyingi haionekani. Minyoo mviringo hufika sentimita 20 na zaidi, kwa hivyo ikitoka huonekana. Minyoo ya safura, ile inayofyonza damu utumboni, ni ya sentimita 1 hivi, na nani ataitafuta kwenye choo cha shimo? Ndiyo maana watafiti huhesabu mayai ya minyoo yanayotoka kwenye kinyesi.

Kinyesi huchujwa kwenye wavu mwembamba, kikajazwa kwenye tundu la kibati linalobeba miligramu 41.7. Kibati kikiondolewa, kinyesi kinabaki kwenye kioo, kinafunikwa kwa karatasi ya selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi, kisha kinakandamizwa hadi kitandazike sawasawa. Mayai yaliyoonekana kwa hadubini huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa kila gramu. Njia hii huitwa Kato-Katz, nayo huharibiwa na uvivu mdogo tu. Tundu lisipojaa, hesabu hushuka. Kinyesi cha kuhara hakifai kabisa. Tena mayai ya safura hufifia gliserini inapoendelea kuyapenya: kioo kisiposomwa ndani ya dakika 30 hadi 60, mgonjwa wa safura anaandikwa mzima. Dawa dhaifu ikasifiwa bure! Kwa kuwa mayai hupanda na kushuka siku kwa siku, jaribio zuri husoma vioo viwili kwa kila sampuli, na ikiwezekana sampuli za siku mbili.

“Aliyebaki na mayai, dawa imemshindwa.”

Tuseme mtoto ana minyoo mjeledi, aina nyingine ya minyoo ya utumbo, na kioo chake kilikuwa na mayai 240, yaani 5,760 kwa gramu. Baada ya dawa yakabaki 60, yaani 1,440. Hajapona, lakini mayai yamepungua kwa asilimia 75. Shirika la Afya Duniani hutazama upungufu huo kwa wastani wa kundi zima, si kwa mtoto mmoja. Kwa albendazoli ya miligramu 400 inayomezwa mara moja, linatarajia angalau asilimia 95 kwa minyoo mviringo, 90 kwa safura, na 50 tu kwa mjeledi. Hiyo 50 si kosa la chapa. Dozi moja ni dhaifu dhidi ya mjeledi tangu zamani, kwa hivyo anayetangaza kwamba minyoo imekuwa sugu kwa dawa, kwa kuona mjeledi umebaki, hajasoma viwango hivyo. Kwa safura, matokeo yakishuka chini ya 80, hapo kuna la kuchunguza, na ubora wa vidonge vyenyewe ukiwemo.

“Apimwe tena kesho yake” au “baada ya miezi mitatu.”

Kesho ni mapema mno: mnyoo ulionusurika unaweza kusitisha kutaga kwa muda, na mayai ya zamani bado yanatoka. Miezi mitatu nayo ni mbali, kwani mtoto anayechezea udongo wenye mayai ameshaambukizwa upya na minyoo mipya imekomaa. Muda unaofaa ni siku ya 14 hadi ya 21 baada ya kumeza dawa.

“Kundi moja hupewa chaki, yaani kidonge kisicho na dawa, waachwe na minyoo yao.”

Dawa mpya kwa kawaida hushindanishwa na ile inayotumika. Mchanganyiko wa albendazoli na ivamektini, dawa nyingine ya minyoo, ulipojaribiwa Ethiopia, Kenya na Msumbiji, kundi la kulinganisha lilimeza albendazoli peke yake. Hapa Kenya jaribio huhitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu, na mzazi anaweza kumtoa mtoto wakati wowote bila kueleza sababu.

“Dawa ya minyoo ni moja.”

La. Aliyepata kichocho kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea hatibiwi na albendazoli. Anahitaji prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Nayo haiui minyoo michanga ya kichocho, hivyo aliyemeza dawa wiki chache tu baada ya kuingia majini anaweza kukutwa na mayai baadaye.

“Mbegu za papai hazihitaji majaribio, ni za asili.”

Zinahitaji yaleyale: kiasi kinachojulikana kwa gramu, kundi la kulinganisha, mayai kuhesabiwa kabla na baada. “Kijiko kimoja kila asubuhi” si dozi, maana mbegu za papai bichi na za papai lililoiva hazifanani, na kijiko cha kila nyumba kina ukubwa wake.