Jiwe la Kizimkazi halikuja na jahazi

Jumamosi alikuja mteja karakanani kwangu hapa Tabora kuagiza mlango wa mninga. Akanionyesha kwenye simu picha ya maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye kibla, pale anaposimama imamu, cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Anataka maandishi yale yapite kwenye kizingiti cha juu. Nikafurahi. Mara akaongeza: "Fundi, hiyo marumaru ililetwa na jahazi kutoka Shiraz, Uajemi." Ni wa nne kuniambia hivyo tangu mwaka uanze.

Si marumaru. Ni tumbawe. Likitolewa baharini huwa laini, patasi inaingia kama kwenye mti uliokatwa jana. Likikauka linakuwa gumu. Kwa hiyo hulichongi mwezi ujao ng'ambo ya bahari, unalichonga pale pale ulipolitoa. Na Shiraz haina bandari jamani, iko bara kama sisi! Bandari ya kutajwa hapa ni Siraf, kwenye Ghuba ya Uajemi, ambako yamepatikana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayofanana mno na haya.

Maandishi ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kuta nyingi unazoziona ni za karne ya 18. Tusichanganye.

Linaloniumiza zaidi ni maandishi haya kuitwa "maua". Angalia kwa karibu: Kikufi kile hakina nukta. Herufi za alifu na lamu zinapanda wima, zikifika juu zinajikunja na kusukana kama ukili. Yale mafundo ni herufi zenyewe zinaendelea. Mafundi wengi wanaonakili wanashughulikia fundo, wanasahau mstari wa chini. Lamu huungana na herufi inayofuata, alifu haiungani. Patasi ikiteleza ikakata kiungo hicho cha upana wa ukucha, lamu imeshakuwa alifu na neno limekufa.

Mkono ulioshika patasi ulikuwa wa nani? Wapo wanaosema mgeni wa Siraf, wapo wanaosema mwenyeji. Mimi naegemea kwa mwenyeji, kwa sababu kulijua tumbawe si kazi ya msimu mmoja, na vipande vya namna hiyo vimeonekana kisiwani Tumbatu pia. Lakini nakiri, mgeni aliyekaa miaka kumi naye angelijua, na jiwe halisemi fundi kazaliwa wapi.

Kazi ya mteja nimeipokea. Nimemwomba picha kubwa zaidi, iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni, maana katika hii ya simu kuna lamu mbili sioni zinaungana wapi, na mbao sijaigusa.