Land Cruiser kuukuu ikiyumba barabara kuu, dampa iwe ya mwisho

Wanaoniletea Land Cruiser 80, Patrol au Defender hapa Industrial Area huwa na lalamiko moja: "Fundi, inayumba." Basi mimi huuliza, inayumba vipi? Kuna gari linalotangatanga, dereva anasahihisha usukani kushoto na kulia ilhali barabara imenyooka. Kuna linalovuta upande mmoja. Kuna linaloelea nyuma likipishana na trela pale Lukenya. Na kuna lile likikanyaga maungio ya daraja kwa kilomita 80 kwa saa, usukani unatikisika vibaya hadi upunguze mwendo karibu usimame. Hizo ni shida nne, na kila moja ina pa kuanzia.

Kinachoniudhi ni kwamba wengi wanafika wakiwa tayari wameuziwa dampa mpya ya stelingi Kirinyaga Road. Dampa kazi yake ni kumeza mtikisiko. Ikiwekwa juu ya kitu kilicholegea, utapata nafuu ya muda na kile kitu kitaendelea kulika chini huko bila wewe kujua.

Mimi huanza na tairi kwa sababu hazigharimu kitu kuzikagua. Soma upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, kisha upime tairi zikiwa baridi. Nimeona gari limetoka Magadi wikendi, tairi zilipunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga, na Jumatano bado linaendeshwa Thika Road hivyo hivyo. Tazama pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za matope zenye meno makubwa hutangatanga hata zikiwa mpya, hapo sina dawa. Na ukichanganya aina moja mbele na nyingine nyuma, usitarajie gari litulie.

Baada ya tairi natafuta ulegevu, na hapa mafundi wengi hukosea kwa kupiga jeki kwanza. Acha gari lisimame kwa magurudumu yake, injini ikinguruma, breki ya mkono juu na vigingi kwenye tairi za nyuma. Mwenzako achezeshe usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, nawe ulale kando ukitazama kila kiungo. Unatafuta mahali ambapo upande mmoja unasogea kabla ya mwenzake: vichwa vya tairodi, boksi ya stelingi mahali inapofungwa kwenye chesisi, na hasa rodi ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiteleze pembeni. Shimo la bolti ya rodi hiyo likishapanuka, bushi mpya (ule mpira wa ndani ya kiungo) haisaidii mpaka shimo lenyewe litengenezwe. Mtikisiko ule wa kwenye daraja, tairi zikiwa zimebalansiwa vizuri, mara nyingi hutokea hapo au kwenye beringi za kingipini, egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia.

Jeki inakuja sasa. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini, au boljointi kwa gari lisilo na ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili. Tafadhali, msikaze ile skrubu ya juu ya boksi ya stelingi ili kuficha mchezo wa viungo vingine. Ikikazwa kupita kiasi usukani haurudi wenyewe, na boksi inajila.

Gari likiwa limeinuliwa kwa springi ndefu na viungo vyote ni vizima, shuku kasta. Tazama uma wa mbele wa bodaboda: haukusimama wima, juu umelalia nyuma, na ulalo huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati. Ekseli yako ya mbele nayo ina ulalo wake, ndio kasta. Land Cruiser 80 ilitoka kiwandani na kama digrii 3. Weka springi ndefu, mikono inayoshika ekseli inainama, ekseli inazunguka, na unapoteza takriban digrii 1 kwa kila inchi. Inchi 2 zinakuachia digrii 1. Inchi 3 hazikuachii kitu, na usukani unakuwa mwepesi usio na mwelekeo. Springi nzito za nyuma, zile za kubebea hema na matangi, nazo zinakula kasta gari likiwa tupu, kwa kuwa nyuma inanyanyuka na pua inainama.

Dawa yake ni bushi zenye tundu lisilo katikati, au kwa springi za majani, kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Usirudishe zaidi ya inavyohitajika. Kila digrii unayoongeza inashusha pua ya difu, pale propela (shafti inayoleta nguvu ya injini) inapoingia kwenye ekseli, propela inakaa vibaya, na gari ambalo 4x4 yake haizimwi litaanza kunguruma chini.

Alaimenti ifuate baada ya hayo yote. Kwenye ekseli nzima mashine hurekebisha mwelekeo wa ncha za tairi tu, kwa hiyo karatasi ya vipimo inaweza kuwa ya kijani na gari bado linatangatanga. Omba hiyo karatasi, usome mstari wa kasta. Likivuta kushoto kidogo tu, lijaribu kwanza mahali tambarare, maana barabara zetu zimeinamishwa kushoto ili maji yatoke.

Kuhusu bushi, mimi hupendelea mpira wa kiwandani kuliko zile ngumu za rangi rangi, ambazo kwenye mikono ya mbele ya 80 huizuia ekseli kujikunja. Na fundi asizikaze bolti gari likiwa juu ya jeki: lishushwe, likae kwa uzito wake, ndipo akaze. La sivyo mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema, kisha utarudi kuniambia spea zilikuwa feki.