Ulizeni na Upande wa Mama

Nikimuuliza mgonjwa kliniki, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua tezi dume?" jibu huja haraka mno: hakuna. Safari hii lilitoka kwa dereva wa lori wa miaka 58, PSA yake (kile kipimo cha damu cha tezi dume) 212, juu mno, mifupa ya nyonga imeshaingiwa. "Baba yangu amefika miaka 84, dokta, na jembe alikuwa anashika mwenyewe." Nikamwambia sikuuliza baba peke yake. Mama je? Mama alikufa kwa titi, hajafika hata hamsini. Mama mdogo? Naye titi. Babu mzaa mama? Hapo akafikiri kidogo. "Huyo alikufa kwa kiuno. Miguu ilipooza, mkojo ukaziba."

Hilo la kufa kwa kiuno nimelisikia mara nyingi mno. Saratani ya tezi dume ikisambaa hukimbilia mifupa, hasa uti wa mgongo, ikabana neva, mtu akashindwa kusimama. Zamani nani angempima PSA au kumkata kipande kidogo cha tezi kikapimwe? Ikabaki kiuno, au uzee, na wajukuu wakakua wakiamini kwao ugonjwa huu haupo.

Urithi una uzito mkubwa kwenye saratani hii, kuliko kwenye saratani nyingi nyingine. Watafiti wa nchi za Nordiki walifuatilia mapacha kwa miaka mingi, wakalinganisha wanaofanana kabisa na wasiofanana, na mwaka 2016 wakatoa hesabu: karibu 57% ya tofauti kati ya mwanaume na mwanaume katika kupata ugonjwa huu inatokana na vinasaba. Msiisome vibaya. Haina maana kwamba wewe una nafasi 57 kati ya 100 ya kuugua. Ni hesabu ya kundi zima, tena kundi la huko kwao.

Urithi wenyewe huja kwa namna mbili, na hapa ndipo watu wengi, madaktari wenzangu wakiwemo, huchanganya.

Namna ya kwanza ni haba na haba. Kwenye vinasaba vyetu kuna herufi moja moja zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu, punje. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulifikisha idadi ya tofauti hizo 451. Kila mmoja wetu anazo kadhaa. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaweza kujaza kibaba na mwingine akapata robo.

Punje nzito kuliko zote ziko kwenye kromosomu ya 8, eneo linaloitwa 8q24, lililogunduliwa mwaka 2006. Cha ajabu, pale hakuna jeni yenyewe. Ni kama pori, ila pori lililopakana na MYC, jeni inayoamrisha seli zigawanyike. Ndani ya pori hilo kuna tofauti moja inayopatikana kwa watu wenye asili ya Kiafrika, nayo hukaribia kuongeza hatari mara mbili kwa kila nakala unayobeba. Utafiti wa Kampala, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 500, uliona ishara yake kubwa papo hapo kwenye 8q24. Ndiyo maana hunikera ninapoona kipimo cha urithi kilichotengenezwa kwa orodha ya Wazungu kikiuzwa kwetu bila maelezo. Hata kwenye HOXB13, jeni nyingine inayohusishwa na saratani hii, kasoro inayotafutwa Ulaya ni ya watu wa kaskazini mwa bara lile. Wanaume wenye asili ya Afrika Magharibi wana kasoro yao, mahali pengine kwenye jeni ileile. Ukitafuta ya kwanza tu, utamwambia mtu yuko salama kumbe hukuangalia.

Punje hizi, hata zikijaa kibaba, zinakwambia nani ana uwezekano mkubwa wa kuugua. Nani itamuua, hazisemi sana. Mwenye kibaba kilichojaa anaweza kupata saratani ya kulala, ile ambayo mzee huzikwa nayo akiwa amekufa kwa presha. Hatari ya kupata na ukali wa ugonjwa ni mambo mawili. (Na zipo tofauti za kurithi zinazopandisha PSA tu, saratani haipo. Hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Namna ya pili ni jeni moja yenye hitilafu kubwa, na kinara ni BRCA2. Wengi wanaijua kama jeni ya titi, ndiyo maana wanaume hawaulizi. Kazi yake ni kusaidia kuunga uzi wa vinasaba ukikatika pande zote mbili. Ikiharibika, seli huunga hovyo hovyo, makosa yanarundikana, na saratani inayozaliwa hapo ni kali toka mwanzo. Mwaka 2013 watafiti waliwachambua wagonjwa 2,019: wenye hitilafu za BRCA2 au mwenzake BRCA1 walikuwa na wastani wa kuishi miaka 8.6 kabla ya saratani kuwaua, wasio nazo miaka 15.7. Na mwaka 2016 ikaonekana kwamba kati ya wanaume ambao saratani imeshasambaa, 11.8% walirithi hitilafu kwenye jeni za ukarabati, zile zinazounga vinasaba vilivyokatika, BRCA2 ikiongoza. Kwa wale ambao bado imo ndani ya tezi, 4.6%.

Udhaifu uleule una upande wa pili. Seli iliyopoteza njia hiyo ya kuunga hutegemea nyingine, inayoendeshwa na kimeng'enya cha PARP. Dawa kama olaparib huziba na hiyo, seli ikakosa pa kushika. Marekani iliiruhusu kwa saratani hii mwezi Mei 2020. Bei yake najua, msinikumbushe.

BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13, na hiyo kila mtu anapewa moja na baba, moja na mama. Anayeibeba humpitishia kila mtoto kwa nafasi nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Yule dereva sikuhitaji kusubiri majibu ya maabara ili nimchoree ukoo wake: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, nikatia wino walioumwa. Upande wa baba karatasi ikabaki nyeupe. Upande wa mama, babu, mama, mama mdogo, kisha yeye.

Akaitazama kwa muda. Akauliza lile duara tupu lililo pembeni yake ni nani. Nikamwambia ni dada yako, ulisema unaye. Akanyamaza, halafu akaomba nimchoree nyingine, ampelekee Morogoro.